Intaneti ya bure na kusubiri bure

Neno "bure" lina maana mbili katika Kiswahili, na sote tunazitumia bila kufikiri. Ya kwanza ni kitu kisicholipiwa: amenipa bure, tumeingia bure. Ya pili ni jambo lisilo na matunda: amehangaika bure, tumesubiri bure. Mwingereza akisema "free" anaweza kumaanisha kisicholipiwa, anaweza pia kumaanisha kilicho huru, lakini hasikii ndani ya neno hilo sauti ya hasara. Sisi tunaisikia. Babu zetu walioacha maana zote mbili zikae katika neno moja walijua kitu juu ya biashara.

Ninataka kuandika juu ya bidhaa moja iliyotangazwa kwa maana ya kwanza na ikapokelewa na wateja wengi kwa maana ya pili. Jambo lenyewe lilitokea Uingereza mwaka 2006. Nimelichagua kwa sababu bei zake zinajulikana, na kanuni zilizotungwa miaka iliyofuata zinaonyesha, moja baada ya nyingine, ni nini kilichokosekana katika ahadi ile. Baadaye nitakuja kwetu Kongo, ambako hatuungojei waya wa shaba, lakini tunanunua saa na siku za intaneti kila wiki. Hoja yangu ni hii: katika huduma za bei nafuu, muda wa mteja unahesabiwa kwa dakika, na muda wa kampuni hauhesabiwi kabisa. Tofauti hiyo inaanzia katika lugha, kwa hiyo inatuhusu sisi wa kitivo hiki.

Ahadi ya Aprili 2006

Tarehe 11 Aprili 2006, Carphone Warehouse, kampuni iliyojulikana zaidi kwa maduka yake ya simu za mkononi, ilitangaza kwamba tawi lake la simu za nyumbani, TalkTalk, litawapa wateja intaneti ya kasi bila malipo. Haikuwa zawadi ya mwezi mmoja wa majaribio. Tangazo lilisema ni bure daima.

Wakati huo familia nyingi za Uingereza zililipia simu ya nyumbani kwa kampuni moja na intaneti kwa kampuni nyingine. TalkTalk iliviweka vyote katika kifurushi kimoja: kodi ya laini ya simu paundi 11 kwa mwezi, mpango wa kupiga simu paundi 9.99, jumla paundi 20.99. Ndani yake mlikuwa na simu za kupiga popote nchini na katika nchi 28 za nje, na juu yake intaneti yenye kasi ya hadi megabiti 8 kwa sekunde. Kwa bei za mwaka ule, ilikuwa nafuu kweli. Miezi mitatu baadaye, Julai 2006, kampuni ya televisheni ya Sky nayo ilileta intaneti yake, na soko lote likaanza kushusha bei.

Tusome tangazo hilo kama tunavyosoma matini yoyote darasani. Neno "bure" lilimtaka mteja anunue kwanza mpango wa simu, alipe paundi 29.99 za kuunganishwa, na atie sahihi mkataba wa miezi 18. Neno "daima" linataja muda, lakini linataja mwisho tu, yaani kwamba hakuna mwisho. Mwanzo hautajwi. Neno "hadi" linaweka dari bila kuweka sakafu: mwenye megabiti 8 yumo ndani ya "hadi 8", na mwenye megabiti 1 naye yumo. Kwa hiyo katika sentensi moja ya tangazo tunapata bei, tunapata umilele, tunapata kipimo cha juu cha kasi. Neno moja tu halimo, nalo ni siku ya kuanza.

Maombi yakaja mengi kuliko kampuni ilivyotarajia. Yenyewe ilikiri hivyo, na Charles Dunstone, mkuu wake, akaomba radhi hadharani. Watu walingoja wiki, wengine miezi. Waliopiga simu kuuliza walikuta laini za huduma kwa wateja zimejaa. Wengine simu yao ilihamishwa kwa kampuni mpya huku intaneti ikibaki njiani, wakawa wamekwisha kuanza kulipa upande mmoja na bado wanangoja upande wa pili.

Kwa nini ilichelewa? Sababu ni ya kiufundi, na ni vizuri kuielewa ili lawama iende mahali pake. Katika Uingereza ya wakati ule, waya wa shaba ulitoka nyumbani kwa mteja mpaka kituo cha simu cha mtaa, na vituo hivyo vilikuwa vya BT, kampuni ya zamani iliyokuwa zamani mali ya serikali. Ili nyingine zishindane nayo, BT ilitakiwa kufungua vituo vyake: kampuni ya pili inaingiza mitambo yake ndani ya kituo, na waya wa mteja unatolewa kwenye mtambo wa BT na kuchomekwa kwenye mtambo mpya. Kazi hiyo ilikabidhiwa Openreach, idara iliyoundwa ndani ya BT mnamo Januari 2006, miezi mitatu tu kabla ya tangazo la TalkTalk.

Bei ya TalkTalk ilisimama juu ya mpango huo. Mahali ambapo mitambo yake ilikuwa imewekwa, intaneti ya bure iliwezekana. Mahali ambapo haijawekwa, ililazimika kukodi huduma ya BT kwa jumla na kupata hasara. Kila mteja alihitaji fundi ahamishe waya wake kwa mkono, kituo kwa kituo. Aliyekuwa na intaneti kwa kampuni nyingine alihitaji pia namba maalumu ya kuhama kutoka kwa kampuni hiyo, ambayo haikuwa na haraka ya kumpoteza. Tangazo liliweza kuwafikia watu milioni nyingi kwa siku moja. Fundi mmoja aliweza kuhamisha nyaya chache kwa siku.

Sasa tutofautishe. Kwamba kazi ya fundi ni ya polepole, hilo si kosa la mtu. Kampuni ilijua ni vituo vingapi vilikwisha kupata mitambo na ni vingapi bado. Mteja hakujua. Aliandikishwa katika foleni asiyoiona, bila kuambiwa ni watu wangapi wamemtangulia, na mkataba wa miezi 18 ukiwa umekwisha kumfunga. Hapo ndipo kosa lilipo. Lilifanyika siku ya kuandika tangazo, kabla fundi yeyote hajaguswa na lawama.

Sarufi ya kungoja

Mteja anayelalamika anakutana na lugha ya namna yake. Inafanana nchi zote, na sisi pia tumeisoma katika simu zetu, kwa Kifaransa au kwa Kiswahili. Nichukue sentensi tatu za kawaida.

"Utaunganishwa hivi karibuni." Kiambishi "-ta-" kinasema jambo litakuja, lakini hakisemi lini. Litakuja kesho, litakuja mwakani, sentensi ni kweli vilevile. Kitenzi kiko katika kauli ya kutendwa, na mtendaji hayupo. Utaunganishwa na nani? "Hivi karibuni" inaonekana kama kielezi cha wakati, lakini haina hata siku moja ndani yake. Kifaransa kina ndugu yake, "dans les meilleurs délais", nao hauna siku.

"Ombi lako linashughulikiwa." Hapa ombi ndilo lililosimama mbele, na mtu aliyeomba amekuwa kivumishi cha kumiliki tu. Wakati uliopo wa "-na-" unaweza kudumu mwaka mzima bila kuwa uongo.

"Tunaomba radhi kwa usumbufu uliojitokeza." Hii ndiyo ninayoipenda kuliko zote kama mwanafunzi wa sarufi, na kuichukia kuliko zote kama mteja. Usumbufu umejitokeza. Kiambishi "-ji-" kimeupa usumbufu miguu na mikono: ulijileta wenyewe, ukajionyesha, hakuna aliyeuleta. Kampuni inaomba radhi kwa ajili ya mgeni aliyeingia bila kualikwa.

Mtu anaweza kusema ninatafuta makosa katika adabu ya kawaida ya ofisi. Lakini hebu tuweke pembeni yake methali inayojulikana na kila mtoto: ahadi ni deni. Deni lina mambo manne. Lina mdai, lina mdaiwa, lina kiasi, na lina siku. Katika sentensi tatu nilizozitaja, mdaiwa amejificha ndani ya kauli ya kutendwa, kiasi hakijulikani, na siku haipo. Amebaki mdai peke yake, naye anajibiwa kwa methali nyingine, kwamba subira yavuta heri. Methali hiyo ni nzuri mtu anapojiambia mwenyewe. Ikitamkwa na mdaiwa mbele ya mdai wake, ni ukosefu wa heshima.

Jinsi maneno yalivyorekebishwa

Kinachonivutia zaidi katika habari hii ni yale yaliyofuata, kwa sababu kila neno la tangazo la 2006 lilikuja kupata kanuni yake, na utaratibu wa miaka unatufundisha.

Lango la kutoka lilikuwa la kwanza. Tangu Februari 2007, Ofcom, mamlaka ya mawasiliano ya Uingereza, ilizilazimisha kampuni kumpa mteja namba yake ya kuhama anapoiomba, kwa muda uliowekwa na bila malipo. Kabla ya hapo jambo hilo lilitegemea hiari yao. Kutoka hakukuwa rahisi kwa siku moja, hata hivyo: mwaka 2011 Ofcom iliitoza TalkTalk, pamoja na Tiscali iliyokuwa imeinunua, faini ya paundi milioni 3 kwa kuendelea kuwatumia bili wateja zaidi ya 60,000 kwa huduma walizokwisha kuziacha.

Neno la bei likafuata. Tangu mwisho wa Oktoba 2016, matangazo ya intaneti yalitakiwa kuonyesha bei moja yenye kila kitu ndani yake, pamoja na kodi ya laini. Intaneti ikiitwa bure huku kodi ya laini ikiandikwa chini kwa herufi ndogo, tangazo halikubaliki.

Mwaka 2018 ikawa zamu ya "hadi". Kabla ya hapo, kampuni iliweza kutangaza kasi ya juu ikiwa mteja mmoja tu kati ya kumi aliipata. Tangu Mei 2018, kasi inayotangazwa lazima ipatikane kwa nusu ya wateja angalau, tena saa za usiku ambapo watu wengi wako mtandaoni, na inaitwa wastani.

Mwisho kabisa, tarehe 1 Aprili 2019, siku za kungoja zikapata bei. Chini ya mpango uliosimamiwa na Ofcom, ambao TalkTalk, BT na Sky zilikuwamo, mteja aliyechelewa kuunganishwa alianza kulipwa paundi 5 kwa kila siku ya kuchelewa. Fundi asipotokea siku ya miadi, paundi 25. Huduma ikikatika na isirekebishwe baada ya siku mbili za kazi, paundi 8 kwa kila siku. Tena hakulazimika kupiga simu na kubembeleza. Fedha zilipaswa kuja zenyewe.

Hesabuni miaka. Kutoka 2006 hadi 2019 ni miaka kumi na mitatu. Kutoka nje ya mkataba kulichukua mwaka mmoja kupata kanuni, bei ilichukua kumi, kasi kumi na miwili. Muda wa mteja ulikuwa wa mwisho, ingawa malalamiko ya kwanza ya 2006 yalihusu muda. Nadhani sababu ni kwamba bei ni namba na kasi ni namba, na namba iliyotangazwa vibaya inaweza kukamatwa. Siku ya kuanza haikutangazwa hata kidogo, na neno lisiloandikwa ni gumu kulishtaki.

Muda wa nani unahesabiwa?

Sasa tuje kwetu. Mtu wa Lubumbashi, Bukavu au Kisangani anaweza kusema: hayo ni mambo ya watu wenye simu za waya nyumbani. Nyaya za shaba za ofisi ya taifa ya posta na simu zilikwisha kufa zamani, na wengi wetu tunaingia mtandaoni kwa simu ya mkononi, kwa kulipa kabla. Hatungojei kuunganishwa. Tunanunua mega na kuanza palepale.

Ni kweli, lakini tazameni kile tunachonunua. Kifurushi, au forfe kama tunavyosema, kina vipimo viwili: kiasi cha mega na muda. Saa 24, siku 7, siku 30. Kuna cha usiku, ambacho wanafunzi wanakifahamu vizuri kwa sababu bei yake ni ndogo, na ambacho kinaisha alfajiri ikifika. Muda huo unahesabiwa na mashine isiyosahau. Ukinunua cha saa 24 leo saa nne na dakika kumi, kesho saa nne na dakika kumi na moja hakipo, hata kama nusu ya mega hujaigusa.

Na ikiwa katika saa hizo 24 hakukuwa na rezo kwa saa tisa? Mashine inaendelea kuhesabu. Ikiwa umeme ulikatika mtaani na mnara ukazimika, inaendelea kuhesabu. Mteja wa Uingereza wa 2006 alikuwa na foleni mbele ya mlango. Sisi tumeshaingia ndani, na foleni iko ndani ya kifurushi chenyewe. Tunangoja ukurasa ufunguke, na kungoja kwenyewe kunakatwa kwenye muda tulioulipia. Kwa hiyo hali yetu ni mbaya kuliko ile ya Waingereza wale kwa jambo moja: wao muda wao ulichukuliwa bila malipo, sisi tunaulipia.

Kwa mwanafunzi, jambo hili halina mzaha. Kazi inatakiwa kutumwa kwa mwalimu kabla ya saa sita usiku. Makala ya kusoma yapo mtandaoni, kwa sababu maktaba haina nakala. Anayenunua kifurushi cha mwezi mzima anaweza kuvumilia saa tisa za kukatika. Anayenunua cha siku moja kwa sababu hana fedha za mwezi amepoteza zaidi ya theluthi ya alichonunua. Kadiri kifurushi kilivyo cha bei nafuu ndivyo muda wake ulivyo mfupi, na kadiri muda ulivyo mfupi ndivyo kukatika kunavyokula sehemu kubwa zaidi. Hasara inamwendea mwenye kidogo.

Ninajua majibu yanayotolewa, nami sitaki kuyaruka.

La kwanza: ukitaka bei nafuu, vumilia. Sikubaliani. Sijasema bei iwe juu. Bila ujasiri wa bei za 2006, familia nyingi za Uingereza zingechelewa kupata intaneti ya kasi, na bila vifurushi vidogo wengi wetu tusingeingia mtandaoni kabisa. Bei ndogo inaweza kuhalalisha mega chache au kasi ndogo. Haiwezi kuhalalisha kutosema ukweli juu ya muda. Mama anayeuza unga sokoni kwa kipimo kidogo anauza kwa bei ndogo, na hakuna anayemlaumu. Tungemlaumu kama kipimo chake kingekuwa na tundu chini.

La pili lina uzito zaidi: kampuni haziwezi kuahidi tarehe na saa katika nchi yenye matatizo kama yetu. Agosti 2023 maporomoko chini ya bahari, katika bonde refu linaloanzia kwenye mlango wa mto Kongo, yaliikata kebo ya WACS, ile inayoingia nchini kwa Muanda, na ukarabati ukachukua wiki kadhaa. Kuna umeme, kuna barabara ambazo fundi hawezi kupita wakati wa mvua. Kuna pia ukatwaji wa amri: tangu tarehe 31 Desemba 2018 nchi nzima ilikaa karibu siku ishirini bila intaneti. Kampuni haikuporomosha bahari, wala haikutoa amri.

Nakubali yote hayo. Lakini sijaomba kampuni izuie maporomoko. Ninaomba ihesabu. Mashine inayojua kwa dakika kifurushi changu kinaisha lini inajua pia mnara wa mtaa wangu ulizimika lini na ukawaka lini. Muda huo uongezwe mwishoni mwa kifurushi, bila mimi kupiga simu. Haigharimu mega hata moja zaidi ya zile nilizokwisha kuzilipia. Na aliyekuwa amelipia mwezi mzima mwishoni mwa Desemba 2018, siku zake ishirini zilikuwa deni la nani? Hata swali hilo linastahili jibu lililoandikwa kabla, ndani ya masharti, badala ya kuachwa kwa subira.

Kazi yetu

Mtu atauliza kwa nini haya yaandikwe katika jarida la kitivo cha lugha, na si la sheria au la uchumi. Jibu langu ni kwamba tangazo ni matini, masharti ni matini, na ujumbe wa kuomba radhi ni matini. Wengi wetu tukimaliza masomo tutaandika matini kama hizo, au tutazitafsiri, au tutazisoma redioni. Waandishi wa "usumbufu uliojitokeza" walitoka katika vitivo kama hiki.

Kuna pia jambo la lugha gani. Katiba yetu ya tarehe 18 Februari 2006, katika kifungu chake cha kwanza, inakitaja Kifaransa kuwa lugha rasmi, na Kikongo, Lingala, Kiswahili na Tshiluba kuwa lugha za taifa, ambazo Serikali inapaswa kuzikuza bila ubaguzi. Angalieni jinsi kampuni zinavyozigawia kazi lugha hizo. Wimbo wa tangazo unaimbwa kwa Kiswahili na Lingala, bango linachekesha kwa Kiswahili, na masharti yanabaki kwa Kifaransa cha wanasheria. Lugha ya taifa inatumika kumwita mteja. Anapotaka kujua haki yake, anaambiwa abadilishe lugha. Tangu tarehe 25 Novemba 2020 tuna sheria mpya ya mawasiliano ya simu na teknolojia ya habari, namba 20/017, lakini mama muuza unga hataitumia sheria asiyoweza kuisoma, dhidi ya masharti asiyoweza kuyasoma.

Wengine watasema Kiswahili hakina maneno ya mikataba. Nimejaribu, na hayakukosekana: "Tutakuunganisha kabla ya tarehe 20 Machi. Tukichelewa, tutakulipa kwa kila siku ya kuchelewa. Ukichoka kungoja, unaweza kuondoka bila kulipa chochote." Na kwa sisi wa kulipa kabla: "Rezo ikikatika mtaani kwako, tutaongeza muda uleule mwishoni mwa kifurushi chako." Hakuna neno gumu hata moja. Mtendaji yupo, ni "tu-". Siku ipo. Na "-ki-" ya masharti inafanya kazi ambayo "-ta-" peke yake haiwezi: inasema nini kitatokea ahadi isipotimizwa. Sarufi yetu iko tayari siku nyingi. Kilichokosekana ni mtu wa kuidai.

Kwa hiyo ninapendekeza mambo mawili kwa wanafunzi wenzangu na kwa waalimu wetu. Kwanza, katika kazi za mwisho wa masomo, tukubali kwamba matangazo na masharti ya huduma za intaneti ni mada halali ya uchunguzi wa lugha, kama ilivyo methali au riwaya. Tukusanye mabango, ujumbe wa simu na masharti ya miji yetu, tuyapange, tuone ni mara ngapi siku inatajwa na ni mara ngapi mtendaji anatajwa. Hesabu hiyo hakuna aliyeifanya kwa ajili yetu, na haitaki fedha nyingi. Pili, idara za Kiswahili, Kifaransa na Kiingereza ziandike pamoja ukurasa mmoja wa mfano wa masharti, kwa maneno ambayo mtu aliyemaliza shule ya msingi anaweza kuyasoma, na kuupeleka kwa mamlaka inayosimamia simu nchini na kwa kampuni zenyewe. Wakiukataa, angalau tutajua kwamba walikataa wakiwa wameelewa.

Tusingoje miaka kumi na mitatu kama Waingereza. Wao walianza na lango la kutoka wakamalizia na muda. Sisi tunaweza kuanza na muda, kwa sababu ndicho kitu tunachouziwa kila siku kwa saa. Na mpaka kanuni ije, kila anayepokea tangazo la kifurushi kipya awaulize wauzaji maswali mawili tu, kwa lugha yake: linaanza lini, na mkishindwa mtanirudishia nini?